Kurusha droni karibu na Mnara wa Washington: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maua ya micheri yakianza kufunguka kandokando ya bwawa la Tidal Basin, simu yangu haitulii. Ndugu na marafiki waliokuja kutembea Washington wananiuliza jambo lile lile: droni iko kwenye begi, mnara uko mbele ya macho, upepo umetulia, je, naweza kuirusha dakika mbili tu? Jibu ni hapana, na nimelitoa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike pamoja na sababu zake. Mimi napiga picha za angani, nina leseni ya hapa, na kazi zangu nyingi ni harusi na nyumba zinazouzwa huko Virginia na Maryland. Droni naipenda. Ndiyo maana nataka anayeirusha ajue anga analoingia lina nani ndani yake.

Tatizo ni nini hasa? Mnara umesimama peke yake kwenye nyasi, hakuna nyumba wala nyaya za umeme.

Ukisimama chini ya mnara ukatazama juu, unaona anga tupu. Hapo ndipo macho yanapodanganya. Uwanja wa ndege wa Ronald Reagan uko ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia, kama kilomita 4 tu ukipima moja kwa moja. Umekuwa pale tangu 1941, na mji umeubana kila upande. Ndege zinazotua kutoka kaskazini mara nyingi huufuata mto: rubani anapinda nao kona kwa kona, mnara ukiwa mkono wake wa kushoto, halafu akiwa amekaribia kabisa ardhi anainamisha bawa la kulia ili alingane na barabara ya kutua. Zinazopaa kuelekea kaskazini nazo hupinda kushoto mara tu baada ya kuacha ardhi, kwa sababu mbele yao kuna eneo ambalo hawaruhusiwi kuligusa. Ndani ya eneo hilo ndimo ulimo mnara. Yaani hata rubani wa ndege ya abiria, mwenye miaka yake ishirini kazini, anaukwepa mnara huo huo unaotaka kuuzunguka kwa droni.

Kama unataka kuelewa jambo hili kwa mwili wako mwenyewe, nenda Gravelly Point. Ni kipande cha nyasi kando ya mto, mbele ya ncha ya kaskazini ya barabara ya kurukia ndege. Watu huja na mikeka na watoto wao. Ndege ikikaribia unaona kwanza taa zake juu ya maji, kisha matairi, kisha ukungu wa joto nyuma ya injini, na inapopita juu yako unainamisha kichwa bila kutaka. Sekunde chache baadaye unasikia matairi yanagusa lami. Ukigeuka kutazama kaskazini, ule mwiba mweupe unaouona juu ya miti ni Mnara wa Washington. Nimewapeleka pale watu watatu waliokuwa wanabishana nami, na hakuna aliyeendelea kubishana.

Halafu kuna helikopta. Za jeshi, za polisi, za wagonjwa, zote hupita chini chini karibu na mto. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria iliyokuwa inatua iligongana na helikopta ya jeshi juu ya Potomac. Watu 67 walikufa, na hakuna aliyepona. Ajali ilitokea kwenye kimo cha futi 300 hivi, takriban mita 90. Sasa fikiria: kwingineko Marekani, droni ya kawaida inaruhusiwa kupanda hadi futi 400. Mahali hapa, kimo ambacho mrusha droni anakiona cha chini na salama ndicho kimo ambacho watu wanapita wamefunga mikanda wakisubiri kushuka. Wiki chache baada ya ajali hiyo, kipande cha njia ya helikopta kati ya Hains Point na daraja la Woodrow Wilson kilifungwa moja kwa moja. Hains Point unaweza kuifikia kwa miguu ukitokea mnarani.

Nani anayekataza? Nimesikia FAA, wengine wanasema ni hifadhi za taifa.

Wote wawili, kila mmoja na sehemu yake. FAA, shirika linalosimamia usafiri wa anga Marekani, ndilo lenye hewa. Idara ya Hifadhi za Taifa, NPS, ndiyo yenye ardhi: nyasi unazosimama, mnara wenyewe, sanamu ya Lincoln, ya Jefferson, na karibu kila kumbukumbu unayoijua pale National Mall, ule uwanja mrefu wa nyasi katikati ya mji. Juni 2014 NPS iliagiza hifadhi zake zote zizuie kurusha, kutua na kuendesha droni ndani ya maeneo yao, na maji wanayoyasimamia yakiwemo.

Watu wengi huchanganya hapa. Wanafikiri wakikwepa katazo moja, la pili linafutika. Kibali cha ardhi hakikupi hewa, na kibali cha hewa hakikupi ardhi.

Katazo la hewa linaanzia wapi na linaishia wapi?

Chukua bikari, weka ncha yake kwenye uwanja wa ndege wa Reagan, uchore miduara miwili. Wa ndani una nusu kipenyo cha takriban maili 15 za baharini, kama kilomita 28. Wa nje una maili 30 za baharini, kama kilomita 56. Mfumo huu ulitokana na mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na ukawa sheria ya kudumu mwaka 2009.

Ndani ya duara dogo droni hairuki bila idhini maalumu ya FAA. Haijalishi ni ya kazi au ya mchezo, ni mchana au usiku, uko bustanini au nyuma ya nyumba yako. Washington nzima imo humo, na sehemu kubwa ya vitongoji vyake.

Kati ya duara dogo na kubwa unaweza kuruka, kwa masharti: droni iwe chini ya pauni 55 (kama kilo 25), iwe imesajiliwa na namba yake imeandikwa juu yake, isizidi futi 400, uione kwa macho yako muda wote, hali ya hewa iwe safi, na usisogelee ndege nyingine. Lakini kumbuka kwamba uwanja wa Dulles na ule wa Baltimore nao una anga lake linalosimamiwa na waongoza ndege, na hapo lazima uombe ruhusa kwanza kwa programu ya simu, kupitia mfumo unaoitwa LAANC.

Juu ya yote hayo, National Mall pamoja na Ikulu na Bunge ni eneo lililopigwa marufuku kabisa kwa ndege zisizo na ruhusa, kuanzia ardhini hadi futi 18,000. Kwenye ramani za marubani linaitwa P-56A. Mnara una marufuku mbili za hewa moja juu ya nyingine, halafu marufuku ya ardhi chini yake.

Droni yangu ina gramu 249. Si imesamehewa?

Imesamehewa usajili tu, na ni kama unairusha kwa kujifurahisha. Droni ya mchezo isiyofikia gramu 250 haihitaji namba ya FAA, na hiyo ndiyo faida yake. Sheria ya anga la Washington haina mzani: gramu 249, gramu 80, hata ile ya mtoto ya kuchezea yenye mapanga ya plastiki, zote zinahesabiwa. Ndani ya nyumba yako, chini ya dari, rusha utakavyo.

Kidude kidogo hivyo kinaweza kuifanya nini ndege?

Tarehe 21 Septemba 2017, jioni, droni ya aina ya Phantom 4 iligonga helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk karibu na Staten Island, New York. Helikopta ilitua salama, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ilipokaguliwa ilikutwa na jeraha kwenye bapa la rota, na ndani ya helikopta mlikuwa mmenasa mota na kipande cha mkono wa droni. Wachunguzi walitumia namba iliyokuwa kwenye kipande hicho wakamfikia mwenyewe. Yeye alikuwa hana habari. Aliipeleka droni yake zaidi ya maili mbili kutoka aliposimama, mbali na upeo wa macho yake, na hakujua kwamba siku hiyo anga lile lilikuwa limefungwa. Alipoona picha imekatika kwenye skrini alidhani imeanguka baharini.

Huyo ndiye mtu ninayemfikiria kila ninapoulizwa swali hili. Hakuwa mhalifu wala mlevi wa sifa. Alikuwa anatazama kioo badala ya kutazama juu.

Na Januari 2025, wakati moto mkubwa unaunguza Los Angeles, droni ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec. Ndege ikalazwa chini kwa matengenezo, moto ukiendelea kuwaka. Droni ya plastiki ndani yake ina betri nzito na mota za chuma. Ndege ikija kwa kasi ya kutua, mgongano huo haufanani na wa ndege mnyama, mwenye mifupa myepesi na nyama laini.

Programu ya droni haikunizuia. Iliwaka, ikapata setilaiti, ikasema tayari. Basi si naruhusiwa?

Hapana, na naomba usome jibu hili polepole.

Tarehe 26 Januari 2015, alfajiri, droni ndogo ilianguka kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani. Aliyeirusha alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuwa nje ya zamu, na ilimponyoka. Siku chache baadaye kampuni ya DJI, iliyoitengeneza, ilibadilisha programu zake ili droni zake zikatae kuwaka katikati ya Washington. Kwa miaka mingi watu wakazoea hivyo: ikikataa, ni marufuku, ikiwaka, ni halali.

Januari 2025 DJI iliondoa kizuizi hicho Marekani. Sasa unaonyeshwa onyo na maeneo ya FAA kwenye ramani, halafu uamuzi unabaki mikononi mwako. Droni iliyokuwa inagoma mwaka juzi, leo inaweza kupaa pale pale. Sheria yenyewe haikulegezwa hata kidogo. Kilichoondoka ni ule mkono uliokuwa unakushika.

Kwa hiyo usiiulize droni. Fungua B4UFLY, huduma ya bure inayotambuliwa na FAA, uandike mahali ulipo.

Nikisimama nje ya hifadhi? Kwenye roshani ya hoteli, au kwenye mashua katikati ya mto?

Roshani ya hoteli inakutoa kwenye sheria ya ardhi, lakini uko bado ndani ya duara, na duara linahesabu hewa. Mashua ni vivyo hivyo.

Mimi nina leseni ya kazi ya FAA. Na mteja wangu ameshalipa.

Pole, nami nimepitia hapo. Cheti cha urubani wa droni, kile cha Sehemu ya 107 ya kanuni za FAA ambacho unaweza kukichukua kuanzia umri wa miaka 16, ni ruhusa ya kufanya kazi kwa malipo. Hakifungui anga la Washington. Ule mfumo wa LAANC unaokupa ruhusa ndani ya sekunde chache kwenye miji mingine haukupi chochote hapa katikati.

Mwaka fulani bwana harusi mmoja alitaka picha ya juu, yeye na bibi harusi wamesimama kwenye nyasi na mnara nyuma yao. Aliyeniunganisha naye alikuwa amemwahidi kwamba inawezekana, bila kuniuliza. Nilipomwambia haiwezekani alinyamaza sana kwenye simu, kisha akasema, "Kaka, mke wangu ameshawaambia mashangazi zake wote." Nililazimika kurudisha sehemu ya malipo. Tukapiga picha ile kutoka kwenye ngazi za Lincoln, asubuhi mapema, bwawa lile refu likiwa limetulia na mnara umelala kichwa chini ndani ya maji. Tangu siku hiyo, sentensi ya kwanza kwenye mkataba wangu inasema wazi maeneo nisiyoruka.

Mwambie mteja kabla hajalipa.

Je, kibali kipo kabisa?

Kipo. FAA hutoa idhini kwa kushirikiana na vyombo vya usalama, na wanaoipata kwa kawaida ni taasisi za serikali, zimamoto na uokoaji, au wakaguzi wa madaraja na majengo wenye sababu nzito. NPS nayo ina njia yake, kwa mfano kwa utafiti au kumtafuta mtu aliyepotea. Video ya likizo haimo, wala harusi.

Ukiona mtu mtandaoni anauza kibali cha kurusha droni National Mall, mkimbie.

Adhabu ni kiasi gani?

Kwa upande wa ardhi ya hifadhi, kosa hili linaweza kukufikisha kifungo cha hadi miezi sita na faini ya hadi dola 5,000. Kwa upande wa hewa, sheria iliyopitishwa 2024 inairuhusu FAA kutoza hadi dola 75,000 kwa kila kosa, na ruko moja linaweza kuwa na makosa kadhaa ndani yake: kuingia eneo lililofungwa, kutosajili, kuipoteza machoni. Mwenye leseni anaweza kunyang'anywa. Na kwa sababu anga hili linahesabiwa kuwa anga la ulinzi wa taifa, anayeliingia kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai na kufungwa hadi mwaka mmoja.

Hivyo ni viwango vya juu. Si kila aliyekamatwa anabebeshwa vyote; yule wa bustani ya Ikulu mwaka 2015, kwa mfano, waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi. Lakini usijenge mpango wako juu ya huruma ya mtu. Na kama wewe ni mgeni mwenye viza, hesabu yako ni tofauti na ya raia, hata kama faini ni ile ile.

Watajuaje ni mimi?

Droni zinazotakiwa kusajiliwa hutangaza utambulisho wao kwa redio zikiwa angani: namba, mahali zilipo, na mahali ilipo rimoti yako. FAA ilianza kuadhibu wasiotii sheria hiyo Machi 16, 2024. Ishara hiyo mtu anaweza kuisoma kwa simu. Tena uko katikati ya mji wenye ulinzi mkali kuliko wowote nchini, na sheria ya 2018 imevipa baadhi ya vyombo vya usalama vya serikali kuu uwezo wa kuitwaa au kuizima droni inayoonekana tishio.

Mbona YouTube imejaa video za mnara huu kutoka juu?

Nyingine zilipigwa na waliokuwa na kibali. Nyingine zimetengenezwa kwa kompyuta kutokana na ramani za setilaiti, na siku hizi ni vigumu kuzitofautisha. Nyingine zilipigwa kinyume cha sheria, na aliyezipandisha ameweka ushahidi dhidi yake mwenyewe, wenye tarehe na jina la akaunti yake.

Naweza kutembea nayo begini?

Katazo la hifadhi ni la kurusha, kutua na kuendesha. Kubeba droni iliyokunjwa, imezimwa, si kuirusha. Lakini usiitoe uikunjue kwenye nyasi "kuonyesha tu". Mwaka juzi nilimkuta kijana amechuchumaa upande wa magharibi wa mnara, amefungua mikono yote minne ya droni, anaizungusha hewani kusahihisha dira. Nilimsikia akiongea Kiswahili na mwenzake, nikamsogelea.

"Mdogo wangu, habari za saa hizi?"

"Nzuri kaka, shikamoo."

"Marahaba. Izime kwanza, tuongee."

Alidhani nataka kumwibia. Nilimwonyesha kwa kidole ndege iliyokuwa inapinda juu ya mto, taa zake zimewashwa, magurudumu yameshateremshwa. Tukaitazama hadi ikapotea nyuma ya miti. Akaizima, akaikunja. Dakika chache baadaye askari wa hifadhi walipita kwa farasi.

Polisi wakinisimamisha nifanye nini?

Kama iko angani, itue salama kwanza, mahali pasipo na watu. Weka rimoti chini. Jibu kwa adabu na useme kweli. Kuwa na uthibitisho wa usajili na cheti cha mtihani wa usalama, ule wa bure unaoitwa TRUST. Mrusha droni wa kujifurahisha anatakiwa kuweza kuvionyesha akiulizwa. Usifute video mbele yao. Mambo yakifika mbali, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo marefu.

Droni imeniponyoka kwa upepo, imeelekea huko. Ninyamaze?

Usinyamaze. Piga 911 mara moja, useme iko wapi, inaelekea wapi, ina rangi gani na betri imebaki kiasi gani. Mwongoza ndege akijua anaweza kuwaonya marubani. Asipojua, hana cha kuwaambia. Faini unaweza kuilipa kwa awamu. Mtu aliyekufa hakuna wa kumrudisha.

Ni Washington peke yake, au na minara mingine?

Ardhi ya NPS ina katazo hilo nchi nzima. Zaidi ya hapo, Oktoba 2017 FAA ilifunga hewa ya hadi futi 400 kwa droni juu ya maeneo kumi, yakiwemo Sanamu ya Uhuru ya New York, Mount Rushmore, tao la St. Louis, eneo la Independence Hall huko Philadelphia, na bwawa la Hoover. Mantiki yake inafanana: mahali penye umati na thamani kubwa kwa taifa. Ila Mnara wa Washington una nyongeza ya uwanja wa ndege mlangoni, na kwa jambo hilo naona hauna mwenzake.

Mimi ni mgeni, niko hapa wiki mbili. Naweza kuruka mahali pengine basi?

Unaweza. Fanya mtihani wa TRUST mtandaoni, hauzidi nusu saa. Sajili droni kwenye tovuti ya FAA kama ina gramu 250 au zaidi. Ada ni dola 5 kwa miaka mitatu, na kwa mgeni usajili huo ni utambuzi tu kwamba droni ni yako. Kama ni kazi ya malipo, cheti cha nyumbani kwenu hakitoshi, utahitaji cha hapa. Kisha toka nje ya duara dogo, ikiwezekana nje ya lile kubwa, uangalie B4UFLY, na uombe ruhusa ya mwenye shamba au uwanja. Usikimbilie Great Falls wala Shenandoah kwa kuona ni msituni. Hizo nazo ni za NPS.

Vishada je?

Vinaruhusiwa kwenye nyasi za mnara. Kila majira ya machipuko hufanyika tamasha lao pale pale, wakati wa maua ya micheri. Kishada kina uzi, na uzi una mkono wa mtu.

Basi nitaipataje picha ya juu?

Panda mnara wenyewe. Una urefu wa futi 555, kama mita 169, na lifti inakufikisha kwenye kimo cha futi 500, juu kuliko droni ya mchezo inavyoruhusiwa kufika kwa kawaida. Kupanda ni bure. Tiketi za siku hiyo hutolewa asubuhi kwenye kibanda kilicho barabara ya 15, na ukihifadhi mapema mtandaoni unalipa dola moja ya huduma. Madirisha ni madogo, mawili kila upande, na kioo chake kina alama za vidole vya watoto wa dunia nzima. Njoo na kitambaa laini, bandika lenzi kwenye kioo ili usipate mwako wa taa za ndani. Asubuhi elekea dirisha la magharibi: jua liko nyuma yako, Lincoln inang'aa, na bwawa lote limenyooka chini.

Ukihitaji picha ya angani kwa kazi, tafuta za mpiga picha Carol Highsmith kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Amepiga Washington kutoka juu kwa ruhusa, na picha zake amewapa umma bila malipo.

Jioni vuka mto, upande kilima kilicho karibu na sanamu ya wanamaji huko Arlington. Kutoka pale Lincoln, mnara na Bunge vinajipanga mstari mmoja, na giza likiingia zile taa nyekundu za kileleni zinaanza kupepesa. Zimewekwa kwa ajili ya marubani.